Padre Etienne Baur, Msuluhishi wa Bagamoyo

Wasomaji wetu wa pwani, na wale wa bara waendao Bagamoyo kuhiji, hawakosi kulisikia jina la Padre Etienne Baur. Hutajwa pamoja na Padre Horner kuwa mmoja wa waanzilishi wa misioni ile ya kale, na kwa kawaida habari yake huishia hapo: alikuja, alijenga, alipanda miti, akafa. Twaona habari hiyo ni fupi mno. Imo miezi michache katika maisha yake, tangu Septemba 1888 hata Mei 1889, ambayo yastahili kusimuliwa tena, hasa kwa wale ambao kazi yao ya mshahara ni kukaa kati ya watu wanaogombana.

Watu wa namna hiyo si wachache siku hizi. Tangu sheria za kazi za 2004 nchi yetu inayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa magomvi ya mwajiri na mfanyakazi, na msuluhishi hupewa siku 30 za kujaribu kuwapatanisha kabla shauri halijapanda. Yapo Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, na mabaraza ya kata chini yake. Kwa watu wa pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam ardhi ni jambo zito: mkulima na mfugaji hukutana mabondeni, na tangu Saadani ilipofanywa Hifadhi ya Taifa, 2005, wanavijiji wa huko wamekuwa na maneno marefu juu ya mipaka. Sheria huweka siku, huweka karatasi, huweka ada. Jinsi ya kumpokea mtu aliyekuja na donge moyoni haikuandikwa katika kifungu chochote, na hilo ndilo tunalolitafuta katika habari za Padre huyu.

Alizaliwa 1835 katika Alsace, nchi ya mpakani kati ya Ufaransa na Ujerumani, ambayo wenyeji wake husema nyumbani lugha iliyo ndugu wa Kijerumani. Akaingia Shirika la Roho Mtakatifu, na 1863 akafika Unguja pamoja na Padre Antoine Horner. Miaka mitano baadaye, 1868, misioni ikavuka bahari na kusimama Bagamoyo, mahali ilipokoma njia kuu ya misafara itokayo Ujiji na Tabora. Huko zilishuka pembe za ndovu, wakashuka wapagazi kwa maelfu kila mwaka, wakashuka na watumwa. Misioni haikupata nafasi ya kupumua: kipindupindu kiliiharibu pwani 1869 na 1870, na Aprili 1872 tufani kubwa ikaangusha karibu kila kilichojengwa. Wakajenga tena. Padre Horner alipougua akarudi Ulaya, akafariki 1880, na Padre Etienne akawa miongoni mwa walioachiwa mzigo wake. Alitembea sana bara. Kitabu cha safari za Udoe, Uzigua, Ukwere, Ukami na Usagara, kilichochapishwa 1886, kina jina lake pamoja na lile la Padre Alexandre Le Roy.

Safari hizo twazitaja kwa sababu maalumu. Mgeni wa siku zile hakupita katika nchi ya mtu kama apitavyo leo mwenye gari. Alingoja langoni mwa kijiji mpaka jumbe apate habari. Alieleza ametoka wapi na anakwenda wapi. Alitoa hongo, akapokea mbuzi au mchele, na shauri lote laweza kula siku mbili au tatu. Wazungu wengi waliona hayo ni usumbufu na unyang'anyi. Aliyekuwa na akili alitambua kwamba hivyo ndivyo nchi isiyo na polisi inavyotunza heshima ya mwenyeji na usalama wa mgeni. Padre Etienne alikuwa amekaa katika desturi hiyo miaka 25 vita vilipozuka. Msuluhishi wa kigeni anayeshuka leo katika ndege, na kesho akaitisha mkutano, hawezi kuupata mtaji huo kwa fedha yoyote.

Sasa tuueleze ugomvi wenyewe. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Unguja alitia sahihi mkataba na kampuni ya Wadachi, akiipa kampuni hiyo usimamizi wa pwani na ushuru wake kwa miaka 50, kwa jina la Sultani. Watu wa pwani hawakuulizwa. Kazi ikaanza Agosti mwaka ule ule, na namna ilivyoanza ndiyo iliyouwasha moto. Pangani, wakala wa kampuni, von Zelewski, aliishughulikia miji ya watu wazima kana kwamba ni kambi ya waajiriwa wake. Askari wa manowari waliteremshwa kumsaidia, nao wakaingia katika msikiti wa Ijumaa na viatu vyao na mbwa wao, katika siku za Idi ya Kuchinja. Bagamoyo kulikuwa na ugomvi wa mlingoti: mawakala walitaka bendera ya Sultani iondoke nyumbani kwa liwali, ambapo watu walizoea kuiona, ipepee kwenye nyumba ya kampuni.

Mtu atasema hayo ni mambo madogo, viatu na mlingoti. Walioandika taarifa za kampuni walifikiri hivyo, wakaupa ugomvi ule jina la maasi ya Waarabu wafanyao biashara ya watumwa. Ni kweli kwamba miongoni mwa waliopigana walikuwamo wenye kuogopa kupoteza biashara hiyo. Lakini Washomvi, Wazaramo, Wazigua, wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa mjini, na watumwa wenyewe waliojiunga na vita, hawakuwa wakitetea faida ya tajiri wa Kiarabu. Walitukanwa mbele ya watoto wao. Zelewski, kama wasomaji wanavyojua, aliendelea na mwendo wake hata alipokutana na Wahehe Lugalo, 17 Agosti 1891, akafia huko na wengi wa kikosi chake.

Padre Etienne aliyaona ya Bagamoyo kwa macho yake. Nasi twakumbuka kwamba mwaka 1871, baada ya vita vya Wafaransa na Waprusi, Alsace ilitiwa chini ya Ujerumani bila wenyeji wake kuulizwa. Mtu wa Alsace hakuhitaji mwalimu wa kumweleza uchungu wa bendera inayobadilishwa juu ya vichwa vya watu. Tena angeweza kuukuza uchungu huo na kuwachukia Wadachi tangu siku ya kwanza, akijificha nyuma ya joho la utetezi wa wenyeji. Hakufanya hivyo.

Tarehe 22 Septemba 1888 wapiganaji waliuvamia mji wa Bagamoyo. Mabaharia wa manowari Leipzig waliteremka, wakapigana nao mitaani, na zaidi ya watu mia wa pwani wakauawa. Tangu siku hiyo mji ukawa wa mashaka. Nyumba ziliungua, mizinga ililia kutoka baharini, na watu wakatafuta pa kukimbilia. Walikimbilia misioni. Walikuja kwa maelfu, Waislamu na wasio Waislamu, Wahindi wenye maduka, wake na watoto wa wale wale waliokuwa msituni na bunduki. Wakajenga vibanda chini ya minazi na miembe ya Mapadre. Hatujasikia kwamba yeyote aliulizwa mume wake yuko upande gani kabla hajapewa nafasi ya kutandika mkeka.

Misioni sasa ilikuwa katikati hasa, si kwa maneno. Upande mmoja mjini palikuwa na Wadachi na bunduki zao. Upande wa pili, mwendo wa saa chache huko Nzole, palikuwa na boma la Bushiri bin Salim al-Harthi.

Huyu Bushiri yafaa tumtazame vizuri, maana usuluhishi wote ulisimama juu ya swali moja: ni mtu wa namna gani? Alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, na kwa miaka mingi alikuwa hapatani na Masultani wa Unguja. Kwa Wadachi alikuwa jambazi, tena jambazi wa kunyongwa. Hans Meyer na mwenzake Oscar Baumann, waliotaka kwenda Kilimanjaro, walikamatwa naye 1888, wakatiwa minyororo, wakaachiliwa kwa fidia kubwa ya rupia. Hilo halifichiki. Lakini huyo huyo, Pangani ilipokuwa ikichemka, alimlinda Askofu Smythies wa misioni ya Waanglikana dhidi ya kundi lililotaka kumdhuru, akampa njia ya salama. Basi alikuwa mtu mwenye hasira na mwenye hesabu zake, naye alikuwa mtu wa kushika neno akilitoa.

Wakubwa wa Wadachi walizungumza juu ya Bushiri. Padre Etienne alizungumza na Bushiri. Twaona tofauti yote ya mambo imo humo. Alimpelekea habari na kupokea zake kwa Kiswahili, lugha ya wote wawili, akamtendea kama mtawala anayeombwa jambo, mwenye uwezo wa kukubali na wa kukataa. Alimwomba dhamana kwa ajili ya misioni na waliokimbilia humo. Bushiri akaitoa. Miezi ikapita, mji ukazingirwa, watu wa Bushiri wakaona njaa na chakula kimo katika mashamba ya misioni, na dhamana ile haikuvunjwa. Wadachi nao, waliokuwa na sababu ya kuwashuku Wafaransa, waliiacha misioni ifanye kazi yake, kwa kuwa waliona kwamba Padre yule hawachukulii siri zao kuzipeleka Nzole, wala hawaletei za Nzole.

Hapo twataka kusimama kidogo. Watu wengi hudhani kwamba kumheshimu mwenye makosa ni kuyakubali makosa yake. Twawasikia hata katika mabaraza ya leo: mmoja wa wagomvi akiisha kusemwa kuwa mkorofi, mwizi wa mipaka, au mfanyakazi mlevi, husemeshwa kwa ukali tangu salamu, na mwenzake huitwa ndugu. Shauri limekwisha kabla halijaanza, na aliyedharauliwa amelijua hilo kabla ya wote. Atatia sahihi karatasi akitakiwa. Akitoka nje ataing'oa bikoni usiku. Padre Etienne hakuwa na shaka juu ya biashara ya watumwa. Alikuwa ameishi miaka 25 akiyaona majeraha yake. Wala hakumwambia Bushiri kwamba kuwafunga wasafiri ni jambo jema. Alijua tu kwamba mtu anayetakiwa ashike neno lake hana budi kwanza kukubaliwa kuwa ni mtu mwenye neno.

Jaribu kubwa likaja Januari 1889. Tarehe 13 mwezi huo misioni changa ya Wabenediktini huko Pugu, karibu na Dar es Salaam, ilivamiwa. Mabruda wawili na Sista Martha Wansing waliuawa. Waliosalia mikononi mwa wavamizi, miongoni mwao Sista Benedikta, walichukuliwa mateka na kupelekwa kambini kwa Bushiri. Wale walikuwa Wadachi, watu wa taifa linalopigwa vita. Na damu ya wenzao ilikuwa bado mbichi. Katika hali ile ingekuwa rahisi kwa Mapadre wa Bagamoyo ama kupiga kelele za kulipiza kisasi, ama kunyamaza kwa kuogopa kuipoteza dhamana yao. Padre Etienne aliiendea njia ya tatu, iliyo ndefu na yenye kuchosha: kujadiliana. Mateka waliachiliwa Machi, kwa fidia.

Fidia hiyo twajua imewakwaza wengi, zamani na sasa. Kuwatia watu bei ni kuwadhalilisha, na kulipa bei hiyo ni kama kuikubali. Wenye kusema hivyo wana haki. Walakini tukumbuke kwamba misioni ya Bagamoyo ilikuwa imewanunua watoto sokoni Unguja miaka mingi, ili wasiuzwe mahali pengine. Mapadre waliijua aibu ya rupia inayohesabiwa mbele ya mwanadamu kuliko sisi tunaoisoma vitabuni. Kati ya aibu ya kulipa na Sista kufa kwa homa ndani ya boma, waliichagua aibu. Nasi twaona walichagua vizuri.

Baada ya mateka kutoka, palionekana mwanga. Kati ya Admirali Deinhard na Bushiri yakapatikana mapatano ya muda ya kusimamisha vita. Wako walioamini kwamba amani ingeweza kufuata. Lakini Berlin ilikuwa imekwisha kuamua, na Hermann Wissmann alikuwa amekwisha kuwasili na askari wa Kisudani na wa Kizulu. Yeye hakutaka mapatano na mtu aliyemwita mwasi. Tarehe 8 Mei 1889 akalipiga boma la Nzole na kulivunja. Bushiri akakimbilia bara, akapigana miezi kadhaa tena, akakamatwa, na 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani. Bwana Heri wa Saadani alipigana zaidi, hata Aprili 1890 alipojitoa kwa masharti, huyo alisamehewa. Mwaka ule ule pwani yote ikauzwa na Sultani kwa Wadachi, kwa mark milioni nne.

Je, usuluhishi wa Padre Etienne ulishindwa? Kwa kipimo cha vitabu vya vita, ndiyo. Hakuzuia vita, hakumwokoa Bushiri kamba, hakuwarudishia watu wa pwani neno lao katika mambo ya nchi yao. Lakini maelfu waliolala chini ya minazi ile waliamka wazima miezi mingi, na mateka wa Pugu wakatoka. Msuluhishi mara nyingi hapati zaidi ya hayo. Mwenye bunduki akiamua kwamba hataki kusikia, mwenye maneno hana la kufanya.

Tungekuwa tunapamba tu kama tungeishia hapo, maana kuna upande mwingine wa maisha ya Padre huyu unaotusumbua. Misioni ya Bagamoyo ilikuwa na kijiji cha Wakristo, wengi wao wakiwa wamenunuliwa utumwani au kuletwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi. Walilishwa, wakafundishwa kusoma, kuchonga, kujenga, kulima. Wakaozwa, wakapewa nyumba na viwanja. Maisha yao yaliongozwa na kengele: ya kuamka, ya kusali, ya kulima, ya kulala. Wapo waliochoka wakaondoka bila kuaga, wengine wakaenda kutafuta kibarua cha kubeba mizigo katika misafara, kazi ngumu kuliko jembe la misioni, lakini kazi waliyoichagua wenyewe. Mapadre walisikitika, wakawaita wakosefu wa shukrani.

Bushiri, mwenye bunduki mia kadhaa, alitumiwa wajumbe, akapewa salamu, akasikilizwa. Mkulima wa kijiji cha misioni, aliyetaka kujua kwa nini siku zake za kazi ni nyingi kuliko zile za shamba lake mwenyewe, hakukaliwa barazani hivyo. Twajua kwamba Mapadre walijiona kuwa baba zao, na baba hafanyi mkataba na mwanawe. Lakini wana wale walikuwa watu wazima wenye wake na watoto, na wengine walikuwa wameuona ulimwengu, kutoka Ziwa Nyasa hata Unguja, kuliko Bruda aliyewasimamia. Walipoondoka usiku walikuwa wakisema jambo ambalo hapakuwa na mahali pa kulisemea mchana. Hatumhukumu marehemu. Twasema tu kwamba yule aliyeweza kumsikiliza Bushiri alikuwa na masikio ya kutosha kuwasikiliza na wale, na yeyote kati yetu aliye fundi wa kupatanisha watu wa nje anaweza kulitazama swali hilo akirudi ofisini kwake, mbele ya tarishi wake na mpishi wake.

Baada ya vita Padre Etienne aliishi miaka mingi tena. Wadachi walihamisha makao ya serikali yao Dar es Salaam 1891, na Bagamoyo ikaanza kupoa. Misafara ikapungua, reli ya kati, iliyoanza kujengwa 1905, ikachukua mizigo iliyokuwa ikishuka mabegani. Biashara ya watumwa ilikoma polepole, na kijiji cha misioni kikakaa kama vijiji vingine. Mwaka 1910 Mapadre wakaanza kujenga kanisa kubwa lile ambalo mahujaji hulijua leo, na kazi ikaendelea miaka minne. Padre Etienne hakuliona limekwisha. Alifariki 1913, miaka hamsini tangu alipoteremka Unguja.